Mimba Niliyoitangaza Koboko

Jumamosi, Arua. Joto limekalia mabati tangu asubuhi. Mawingu yanakusanyika upande wa Kongo, yanatisha kidogo, halafu yanabadili nia. Na mimi ni hivyo hivyo leo. Nimekaa barazani nikaondoka, nimekaa jikoni nikafukuzwa, sasa nimeegemea ukuta wa choo kwa sababu ndipo pekee penye kivuli na hakuna mtu. Naandika kwa kidole gumba kimoja.

Siwezi kutulia.

Mnaosoma shajara hii hapa mtandaoni mnanijua. Mimi ndiye niliyevuka mto Kochi na pikipiki begani, mwaka ule maji yalipobeba daraja, na pikipiki haikulowa hata taa. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ujinga. Mwalimu alikuwa amemaliza alichokuwa nacho. Mengine yote nimejifundisha kwa macho, na katika mambo ambayo macho yangu yamesifiwa toka Arua mpaka Koboko, la kwanza ni mimba. Mwanamke akipita, natazama mshipa wa shingo, huu wa kushoto. Ukicheza kwa namna fulani, nasema, mimba iko. Marehemu baba yangu, sajini, alinifundisha kwa mbuzi. Wanawake nilijiongezea mwenyewe.

Huwa nasema sijawahi kukosea. Leo niseme ukweli, maana leo ni siku ya ukweli hata kama siipendi. Nimekosea mara nyingi. Ila nimegundua kwamba mtu akikosea mimba, anayesemwa si yeye. Nikisema iko na mtoto asizaliwe, watu wanasema basi imetoka, maskini. Wanampa pole mwanamke. Hakuna hata siku moja mtu alirudi kuniuliza mimi.

Hiyo ndiyo sifa yangu yote.

Sasa nieleze kwa mpangilio, kwa sababu nikirukaruka mtadhani nakimbia.

Saida ni binti wa kaka yangu. Kaka alikuwa askari kama baba yetu, alifariki Saida akiwa mdogo, na kabla ya kufa alinishika mkono akaniambia huyu ni wako. Nimemlea, nimemwoza, walii wake ni mimi. Ana miaka thelathini na nne. Anasuka vile vifuniko vya chakula vya ukili wa rangi, na nikisema hakuna mkono kama wake mkoa wetu mzima wa West Nile, hapo sitii chumvi. Aliolewa Koboko na Abdu, muuza vipuri vya pikipiki, wakakaa miaka minane. Mtoto hakuna. Miezi minne na siku kumi iliyopita Abdu alimpa talaka moja, Saida akarudi kwangu na mabegi mawili na mzigo wa ukili.

Talaka moja ni ile ambayo mume anaweza kumrudia mke bila ndoa mpya, mradi eda haijaisha. Na eda, kama tunavyojua sote hapa, mwanamke anahesabu hedhi tatu. Zikiisha tatu, mlango umefungwa, yuko huru.

Saida alihesabu. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna. Wa tatu hakuna. Mambo hayo baba mdogo hatakiwi kuyajua, lakini nyumba yangu ina vyumba viwili na mke wangu, Mama Sharifa, akinong'ona hata jirani anasikia.

Kisha nikaanza kuona kwa macho yangu. Ameketi anasuka, hakuna moto karibu, hakuna jua, ghafla uso unawaka, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu, anachukua kifuniko alichokuwa anakisuka anajipepea nacho. Baada ya dakika chache anajifunika kanga kwa baridi. Hali chakula vizuri. Usiku halali. Ukimsemesha anakujibu kama umemkanyaga. Nikatazama mshipa wa shingo. Ulikuwa unacheza.

Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ni siku tatu, nne, si zaidi.

Ijumaa ya wiki iliyopita nilikwenda Koboko kwa shughuli zangu. Baada ya sala tukakaa barazani pale karibu na msikiti, wazee na vijana, chai inazunguka. Nilikuwa nawasimulia habari ya ndama pacha niliowazalisha kwa simu, nikiwa Arua na ng'ombe yuko Omugo. Wanacheka vizuri. Ndipo fundi cherehani mmoja, ambaye tumegombana tangu ujana, akatia neno lake. Aliniambia, mbele ya wote, "Pole sana mzee, nasikia umerudishiwa gunia tupu."

Gunia tupu. Binti wa kaka yangu.

Wengine walitazama ndani ya vikombe vyao. Ningeweza kuondoka. Ningeweza kumwambia aogope Mungu. Lakini mdomo wangu haujui kuondoka.

Nikasema, "Tupu? Mimba iko. Miezi minne. Tena ya kiume."

Mjue kwamba wakati nasema nilikuwa naamini, au nilikuwa karibu sana na kuamini. Ile ya kiume niliongeza mwenyewe. Wakauliza umejuaje, nikasema nimeona, nimeona kwa macho haya. Nikaona fundi cherehani anafunga mdomo, nikahisi utamu, nikaagiza chai nyingine. Nilirudi Arua nikiimba.

Koboko haihitaji gazeti. Kuna boda.

Jumatano Abdu akapiga simu. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeoga. Akaniita Baba mara sita, nilihesabu. Akasema Mungu ni mkubwa, amesikia, na mbele ya mashahidi wawili amemrudia mke wake. Eda ya mwenye mimba ni mpaka azae, kwa hiyo haki yake iko. Jumapili atakuja na wazee kumchukua. Nikamwambia karibu sana. Ndiyo. Mimi mwenyewe nilisema karibu sana.

Niliwaambia nyumbani wakati wa chakula, nikidhani naleta habari njema. Saida aliacha kula. Hakulia, hakupiga kelele. Aliuliza tu nani amesema ana mimba. Nikamwambia mimi. Akainuka akaingia ndani.

Mama Sharifa akanigeukia. Ameniita majina mengi katika ndoa hii, lakini alivyonitazama pale ilikuwa mara ya kwanza. Akanieleza kwamba walishapima mimba tangu mwezi wa pili, hakuna. Wakapima tena, hakuna. Wakaenda kwa daktari upande wa Ediofe, akachukua damu, akasema lazima achukue nyingine baada ya mwezi mzima ili ahakikishe. Hiyo ya pili ilichukuliwa Jumatatu, na majibu ni Jumamosi. Nikauliza kwa nini hawakuniambia.

"Baba Sharifa," akasema, "wewe ukiambiwa siri saa mbili, saa tatu inasomwa redioni."



Leo asubuhi niliwafuata mpaka kwa daktari. Saida hakunikataza, hakunikaribisha. Daktari ni mwanamke kijana, angeweza kuwa binti yangu, ana sauti ya polepole. Nilijitambulisha kuwa mtaalamu wa mimba wa asili. Alisema sawa, akanionyesha kiti.

Alichora kwenye karatasi. Kizazi, halafu pembe mbili, na mwisho wa kila pembe kitu kidogo kama karanga yenye ganda lake. Nikasema hicho ni kichwa cha ng'ombe. Akasema wengi huona hivyo. Zile karanga mbili ndizo ovari. Mimi niliishi miaka hamsini na tatu nikidhani mwanamke ana tumbo la uzazi tu, basi, kama chungu. Kumbe kazi iko kwenye hizo mbili. Zinatunza mayai, na zinatengeneza homoni. Akaeleza kwamba homoni ni kama ujumbe unaosafiri kwenye damu: moja inaitwa estrojeni, nyingine projesteroni, ndizo zinazoleta hedhi kwa zamu, na estrojeni inalinda hata mifupa na moyo.

Halafu akasema juu, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya choroko. Hiyo ndiyo inaziamuru ovari zifanye kazi. Ovari zikitii, tezi inapunguza sauti. Zisipotii, inazidisha. Na katika damu ya Saida, mara zote mbili, amri ilikuwa juu sana, na estrojeni chini kabisa.

Hapo nilielewa kuliko kitu chochote nilichofundishwa shuleni. Nikasema, kwa hiyo sajini anapiga kelele uwanjani kila asubuhi, anapiga kelele mpaka sauti inakauka, na askari wake wawili walishastaafu.

Daktari akaniangalia, akasema ndiyo, ni hivyo hasa. Hilo nililifurahia kwa sekunde mbili. Kisha nikamwona Saida.

Alikuwa ameshika ile karatasi kwa mikono miwili.

Ovari za wanawake wengi huchoka karibu na miaka hamsini, akasema daktari. Za wachache huchoka mapema, na mara nyingi sababu haijulikani. Si uchawi, si kosa, si kitu alichokula. Huenda zilianza kuchoka miaka mingi iliyopita, maana Saida alimwambia hedhi zake zilikuwa zinapotea na kurudi tangu akiwa kwa Abdu. Lile joto la ghafla, jasho, kukosa usingizi, hasira, vyote vinatoka hapo hapo. Atapewa vidonge vya homoni kurudisha kile ambacho ovari hazitoi, atavimeza miaka mingi, mifupa isije ikawa kama ya bibi. Kuhusu mtoto hakumficha. Alisema mara chache ovari huamka mwezi mmoja na kulala tena, hafungi mlango kabisa, lakini asijenge nyumba juu ya hilo.

Saida aliuliza swali moja tu, kwamba miaka ile minane yote, aliyokuwa akinyweshwa mizizi na mama mkwe, zilikuwa zinazimika hivyo? Daktari akasema inawezekana sana.

Mimi nilijaribu kuchangamsha hewa, nikauliza na za kwetu wanaume je. Akasema wanaume wana korodani, nazo ni tezi vile vile, zinatengeneza homoni inayoitwa testosteroni, nayo hupungua taratibu kadiri umri unavyokwenda. Nikasema za kwangu hazijapata hiyo taarifa. Hakuna aliyecheka. Watoto tisa ninao, na nilikuwa na hadithi nzuri kuhusu wa tisa, nikaimeza.

Tukatoka tukaenda kwa shehe. Alisoma barua ya daktari kwa miwani na bila miwani. Akauliza tarehe ya talaka. Akauliza kama tangu siku ile iliwahi kuja hedhi hata moja, Mama Sharifa akajibu hapana. Shehe akasema mwanamke ambaye hedhi yake imekatika anahesabu miezi, si hedhi. Miezi mitatu. Akahesabu kwa vidole vyake, mwezi baada ya mwezi, na mimi moyo unanipiga kama mimi ndiye ninayeachwa. Miezi mitatu ilishapita kabla ya Jumatano. Kwa hiyo Abdu alimrudia mwanamke ambaye alikuwa ameshatoka mikononi mwake.

Saida yuko huru. Kilichobaki kinachomrudisha kwa Abdu ni neno langu.

Na hapa ndipo shajara hii inanichoma vidole.

Njiani kurudi nilipata wazo, na nilidhani ni zuri. Nikawaambia nimepata njia, wasijali. Nitampigia Abdu nimwambie mimba imetoka. Bahati mbaya, imetoka Jumanne, kabla hajamrudia, ila mimi nilikuwa sijaambiwa. Mimba ikitoka eda imekwisha, Abdu hana la kudai, wazee hawaji, hakuna haja ya kutangaza habari za ovari za mtu, na kila mmoja analala. Nilisema kila mmoja. Nilimaanisha mimi. Maana kwa njia hiyo macho yangu yangebaki yalivyokuwa, na fundi cherehani angebaki amefunga mdomo.

Saida alisimama katikati ya njia. Tangu Jumatano hakuwa amenisemesha. Alisema polepole, kama mtu anayehesabu nyuzi za ukili:

"Baba mdogo, usinizalie mtoto ambaye hakuwapo, halafu ukamuua."

Nikaanza kusema kwamba ni kwa ajili yake, nilikuwa nafunika aibu yake.

"Aibu yangu ni ipi? Nimeumwa. Ukisema imetoka, kesho watasema nimeitoa. Abdu atanililia mtoto wa kiume mpaka afe, na mimi nitakuwa niliyemwua. Sema ilivyo. Kama watu wa Koboko wanataka kujua ovari zangu, wajue. Hizo ni zangu. Uongo ni wako."

Mama Sharifa aliendelea kutembea mbele kama hajasikia. Boda mmoja aliyekuwa anapita akapunguza mwendo ili asikie vizuri.

Nimewahi kupigwa na askari wa mpakani, nimewahi kuanguka kutoka juu ya lori la tumbaku, na safari hizo zote mbili niliinuka na hadithi. Leo sikuinuka na kitu.

Tulipofika nyumbani nikapiga. Waliketi kunizunguka, simu juu ya mkeka, sauti imefunguliwa. Abdu akapokea kwa furaha, akasema Baba, kesho tutafika saa saba, wazee wanne. Nikasema usije, Abdu. Mimba haiko.

Nilisikia pikipiki zinapita kwake.

"Imetoka?" akauliza.

Alinipa mwenyewe. Aliniwekea mkononi kama chai. Naapa nilikuwa nimefungua mdomo, na neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye meno. Saida hakuinua hata macho. Alikuwa anatazama simu tu, anangoja, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

"Haikuwapo," nikasema.

"Lakini ulisema uliona."

"Sikuona kitu."

"Baba, mimi nimeambia mutu wote hapa. Duka lote inajua. Nimesimama na mashahidi." Sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa ya ugomvi. Ningependa angegombana. "Mimi sasa nitasema nini?"

Saida akachukua simu, akamweleza mwenyewe: eda imekwisha kwa miezi, shehe atampigia, na damu haikuja kwa sababu ovari zake zimechoka, tangu zamani, tangu wakiwa pamoja. Hakumlaumu. Hakuomba kitu. Abdu akasema pole. Mara mbili alisema pole. Halafu akataka kuongea na mimi tena.

"Baba, ulisemea barazani," akasema. "Kuja kanushia barazani. Mimi siwezi kubeba hii peke yangu."

Nikamwambia sawa.

Saida amemeza kidonge cha kwanza leo mchana, na maji mengi, akarudi kwenye ukili wake. Amesoma haya niliyoandika mpaka hapa. Amesema jina lake nilibadilishe, nimebadilisha, na mtu wa Koboko atajua tu, naye anajua kwamba watajua. Alipofika pale nilipoandika habari ya daraja la Kochi alisema, "Hata hili?" Nikasema hilo niachie.

Hajanisamehe. Nilimwuliza, akasema hajafika huko bado.

Sasa mawingu yamerudi tena. Siwezi kukaa, siwezi kusimama. Wazee hawaji Arua, mimi ndiye ninayekwenda Koboko kesho, na baada ya adhuhuri watakuwa pale wote, na fundi cherehani atakuwa mbele, atakuwa amevaa vizuri. Nimeandaa sentensi moja. "Nilisema Saida ana mimba; nilisema uongo; niwieni radhi." Haina mto, haina ndama, haina sajini. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuisema.

Nimeifanyia mazoezi mbele ya Mama Sharifa mara nne. Mara tatu nimeongeza maneno.

Ile ya nne nilifika mwisho, nikafunga mdomo, nikabaki nimesimama pale jikoni sijui mikono niiweke wapi. Mama Sharifa akasema hiyo ndiyo. Lakini hapo tulikuwa wawili tu. Kesho watakuwa wamekaa wote, chai inazunguka, wananitazama wakingoja niendelee, kama wanavyongoja siku zote.

Nitaweza kweli kuishia hapo?